Kazi za kompyuta Nairobi: Kijana wa Mfangano asome nini kabla ya kutia saini?

KIJANA wa Kisiwa cha Mfangano anayetafuta kazi ya kompyuta jijini Nairobi huanza safari yake majini. Kutoka Sena hupanda boti hadi Mbita, kisha gari hadi Homa Bay, na kutoka hapo basi. Siku hizi maombi ya kazi hutangulia kwa simu, lakini anayeitwa kutia saini hulazimika kuuvuka huo ziwa mwenyewe, pengine kwa fedha za omena alizopewa na wazazi. Mtu aliyesafiri hivyo si rahisi akatae karatasi anayowekewa mezani, hata kama haielewi vyema.

Ndiyo sababu kesi za wachujaji wa maudhui dhidi ya kampuni za Sama na Meta, inayomiliki Facebook, zinamhusu hata yule ambaye hajawahi kufika Barabara ya Mombasa.

Tangu mwaka wa 2019, Sama iliajiri vijana kutoka mataifa mbalimbali ya Afrika kufanya kazi Nairobi kwa niaba ya Facebook. Kazi yao ilikuwa kutazama picha, video na maandishi na kuondoa yale yasiyofaa: mauaji, ubakaji, mateso ya watoto. Walichotafutiwa hasa ni lugha zao, kwani mtu asiyejua Kisomali au Kiamhara hawezi kutambua uchochezi ulioandikwa kwa lugha hiyo. Hata hivyo, mwezi Februari 2022 jarida la Time la Marekani liliripoti kwamba baadhi yao walilipwa takriban dola 1.50 kwa saa.

Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, aliachishwa kazi mwaka wa 2019 baada ya kuwaongoza wenzake kudai haki zao. Mwezi Mei 2022 alizishtaki kampuni hizo mbili jijini Nairobi. Alidai kwamba hakuelezwa wazi, kabla ya kusafiri, angekuwa akitazama mambo ya aina gani. Sama ilikanusha kuwatendea wafanyakazi wake vibaya.

Januari 2023 Sama ilitangaza kuacha kazi hiyo ya uchujaji, na wafanyakazi wapatao 260 wakaambiwa ajira yao inakwisha. Kandarasi ilielekea kwa kampuni nyingine, Majorel ya Luxembourg. Hapo likazuka jambo ambalo kila mwombaji kazi anafaa kulizingatia. Wachujaji 184 waliokwenda mahakamani walidai kwamba waliotoka Sama walifungiwa mlango walipoomba kazi huko Majorel, ingawa walikuwa na ujuzi uleule uliohitajika. Kampuni zilizoshtakiwa zilipinga madai hayo.

Meta kwa upande wake ilijitetea kwamba haiendeshi biashara nchini Kenya na kwamba haikuwa mwajiri wa mtu yeyote kati yao. Mnamo Februari 2023 Jaji Jakob Gakeri alikataa hoja ya kuiondoa kesini. Juni mwaka huohuo Jaji Byram Ongaya, katika uamuzi wa muda, akaiona Meta kuwa ndiyo mwajiri mkuu wa wachujaji hao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba kesi ziendelee nchini. Mwishoni mwa mwaka huo ripoti za daktari wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, zilizowasilishwa mahakamani, zilionyesha kuwa wachujaji zaidi ya 140 waliopimwa walikuwa na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe.

Je, sheria inamkinga vipi mwombaji? Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, nayo maelezo ya kazi yenyewe yawemo. Jina la cheo peke yake halitoshi. "Wakala" au "mhudumu wa wateja" ni neno linaloweza kuficha mengi. Muda wa majaribio hauzidi miezi sita, isipokuwa mfanyakazi akubali uongezwe, na hata hivyo usipite mwaka mmoja. Kazi ikipungua, anayeachishwa hulipwa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza.

Kifungu cha 5 cha sheria hiyo hakiishii kwa aliyekwisha kuajiriwa. Kinakataza pia ubaguzi dhidi ya anayetafuta kazi, uwe wa kabila, jinsia, lugha, ulemavu, ujauzito, hali ya akili au virusi vya Ukimwi. Hili la mwisho lina uzito wake katika kaunti ya Homa Bay, ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa zilizoathiriwa zaidi na ugonjwa huo. Sheria ya mwaka wa 2006 kuhusu Ukimwi inakataza kumlazimisha mtu apimwe virusi hivyo ndipo apewe kazi.

Kuna pia karatasi ya kutunza siri, ambayo kampuni nyingi za teknolojia huitoa pamoja na mkataba. Wengi huitia saini wakidhani ni ya kawaida tu, na baadaye huogopa kumweleza hata mke au daktari kinachowanyima usingizi. Mwombaji ana haki ya kuuliza, kabla ya kushika kalamu, karatasi hiyo inamzuia kusema nini na kwa nani, na kuomba nakala yake aondoke nayo.