Kiprugut Anastahili Jumba la Magwiji

Tunapobishana hapa Sigor kuhusu wanariadha waliosahauliwa na Jumba la Magwiji la riadha duniani, mimi huanza na Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho.

Jumba hilo lilianzishwa mwaka 2012. Sharti lake kuu ni dhahabu mbili za Olimpiki au za mashindano ya dunia, pamoja na rekodi ya dunia. Kipchoge Keino alitimiza yote, akaingia mwaka huohuo. Kiprugut hana dhahabu hizo wala rekodi.

Lakini tazama alichofanya. Oktoba 1964, Kenya huru haijatimiza hata mwaka, alitwaa shaba ya mita 800 mjini Tokyo. Ndiyo medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Mwaka 1965, kwenye Michezo ya Afrika ya kwanza mjini Brazzaville, alishinda mita 400 na 800. Mexico City, mwaka 1968, aliongoza fainali ya mita 800 hadi Ralph Doubell wa Australia alipompita karibu na utepe na kuifikia rekodi ya dunia. Kiprugut akapata fedha. Aliyemshinda ilibidi akimbie kwa kasi ambayo hakuna binadamu aliyekuwa ameipita.

Joyce Chepchumba, mzaliwa wa Kericho, naye anaangushwa na sharti hilo. Alishinda marathoni ya London mara mbili, Chicago mara mbili, na New York mwaka 2002, lakini ushindi wa marathoni za miji hauhesabiwi. Shaba yake ya Sydney mwaka 2000 ilikuwa medali ya kwanza ya mwanamke Mkenya katika marathoni ya Olimpiki.

Besiboli ya Marekani ilikwisha kulikabili jambo hili. Wachezaji weusi walifungiwa nje ya ligi kuu hadi mwaka 1947, kwa hiyo takwimu za ligi hiyo pekee zisingewatendea haki. Kamati maalumu ikaundwa, na mmoja wao, Satchel Paige, akaingizwa katika Jumba la Magwiji la besiboli mwaka 1971. Mwenzake Buck O'Neil hakupata kura za kutosha mwaka 2006, akafariki mwaka huo, akaingizwa mwaka 2022.

Riadha nayo ina mlango kama huo: kanuni zinaruhusu kumfikiria mwanariadha aliyeuathiri mchezo kwa namna ya pekee. Kiprugut alifariki Novemba 2022. Kila medali ya Olimpiki ya Kenya imefuata yake, na hiyo ndiyo hoja ya kumwingiza.