Shokoa ya Chuma

Jumamosi iliyopita, nilipokuwa nimesimama sokoni Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, magunia ya dagaa wa visiwani yakishushwa, nilimsikia bibi mmoja mnunuzi akipaza sauti, "We mkokoteni, njoo!", na aliyegeuka alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidevuni, akaja akisukuma chombo chake pasipo kunena neno, kana kwamba hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Mtu kuitwa kwa jina la chombo chake kulinikumbusha hadithi za maroboti. Neno roboti lilienea duniani baada ya Mcheki Karel Čapek kutoa tamthilia yake R.U.R. mwaka 1920, na aliyelipendekeza ni nduguye Josef, kutokana na robota, ambalo kwa Kiswahili cha kale tungelifasiri shokoa, yaani kazi anayotozwa mnyonge bila ujira. Wazee wetu walioitwa "boi" na Wazungu, hali wana wajukuu, wangalilifahamu bila mkalimani. Tena roboti wa Čapek si wa chuma, kama aghalabu watu wadhanivyo. Ana sura na umbo la binadamu, ila hakuzaliwa, na hiyo ndiyo hoja ya kumdhalilisha.

Mwandishi Isaac Asimov, katika hadithi yake The Bicentennial Man ya mwaka 1976, anamsimulia roboti Andrew, aliyekwisha pata uhuru wake mahakamani, akikutana njiani na vijana wawili wanaomwamuru avue nguo, kisha wakashauriana kumkongoa kiungo kwa kiungo. Naye, kwa kuwa ameundwa asiweze kukaidi amri ya mwanadamu, anavua.

Sisi wa kando ya ziwa tulikuwa na hadithi kama hiyo tangu zamani: msukule, adhaniwaye maiti, kumbe amekatwa ulimi na kulimishwa usiku shambani mwa tajiri. Mimi siisadiki, lakini siicheki, maana kwa itikadi za namna hiyo vikongwe wa Usukumani wameshukiwa uchawi na kuuawa kwa mapanga, dhambi yao ikiwa macho mekundu yaliyoungua kwa moshi wa jikoni.

Mtumishi wa chuma naye amekwisha fika. Mwaka 2018 ilitangazwa habari ya ndege isiyo na rubani iliyojaribiwa kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Ndege ile ilipewa jina lake, Parcelcopter. Mchukuzi wa Mwaloni angali akiitwa mkokoteni.