Kipanya na Mkono Wenye Baridi Yabisi

Kipanya, ambacho wengine hukiita puku, kilibuniwa na Douglas Engelbart na kuundwa na Bill English nchini Marekani mwaka 1964. Humlazimu mtumiaji akishike, akisukume na kukibofya kwa mkono ule ule. Kwa mwenye baridi yabisi hiyo ni adhabu.

Kipo kifaa cha tufe: chenyewe hakisogei, bali tufe lililo juu yake huzungushwa ili kuhamisha kishale. Hapa hadhari yahitajika. Vingine huzungushwa kwa kidole gumba, ilhali kiungo cha shina la kidole hicho ni miongoni mwa vile vinavyoathiriwa mno na uchakavu wa gegedu. Mgonjwa wa aina hiyo heri atafute tufe kubwa la katikati, aliviringishe kwa vidole vingine au hata kwa kiganja. Kipanya cha wima, kinachoshikwa mithili ya kupeana mkono, hupunguza msokoto wa kigasha, lakini kukishika kungalipo.

Kuburura ndiko kugumu zaidi. Windows humruhusu mtumiaji kukifinya kitufe kitambo kidogo kisha akakiachilia, nacho kikabaki kana kwamba kingali kimefinywa. Isitoshe, kishale chaweza kuendeshwa kwa vitufe vya tarakimu vilivyo kando ya kibodi, bila kununua chochote.