Wewe ni Kabila Gani?

Somo: Matendo ya Mitume 16:1-5



Abiria wengi wa Mombasa hushuka Kengeleni kila siku, lakini ni wachache wanaojiuliza jina hilo lilitoka wapi. Kengele yenyewe ingalipo, bara, upande wa kaskazini wa kisiwa, mahali paitwapo Frere Town. Hapo ndipo misioni ya C.M.S. ilipoanzisha, mwaka wa 1875, makao ya watu waliookolewa katika utumwa.

Walikuwa watu gani? Walikuwako Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, ambao manowari za Waingereza ziliwatoa katika majahazi ya wafanya biashara ya watumwa. Hao waliitwa mateka. Tena walikuwako Wabombay, yaani Waafrika waliookolewa baharini wangali watoto, wakapelekwa Bara Hindi, wakalelewa katika shule ya misioni karibu na mji wa Nasik na kufundishwa kazi za mikono. Waliporudi Afrika walijua kusoma na kuandika, tena walijua Kiingereza.

Tusidhani kwamba watu hawa walipendana tangu siku ya kwanza. Mbombay alikuwa na elimu. Mteka alifika mikono mitupu. Huyu alikuwa na mila hizi, na yule mila nyingine. Lakini walijenga jirani, watoto wao wakasoma pamoja, wakaoana, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani. Mtoto akawa na babu Myao na nyanya Mmakua. Ni nani angeweza kuigawanya damu ile?

Na jamii ile ilizaa matunda. William Jones na Ishmael Semler, ambao wote wawili walitoka Nasik, walifanywa mashemasi na Askofu Hannington mwaka wa 1885. Mwaka ule ule Jones alifuatana na askofu katika safari ya Uganda, na askofu alipouawa, Jones ndiye aliyewaongoza wasafiri waliosalia mpaka pwani.

Ndugu msikilizaji, swali la kale lingali linaulizwa: “Wewe ni kabila gani?” Likiulizwa kwa wema, ni salamu tu. Likiulizwa kwa ubaya, ni panga. Mwisho wa mwaka wa 2007 na mwanzo wa 2008, watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika nchi yetu baada ya uchaguzi. Siku zile mume wa kabila hili na mke wa kabila lile walitenganishwa, na watoto wakabaki katikati, kana kwamba mtu aweza kumchagua baba na kumkana mama.

Tumwangalie Timotheo. Mama yake alikuwa Myahudi, baba yake Myunani, na watu wote wa pale walilijua jambo hilo. Paulo hakumwona kuwa nusu mtu. Alimchukua awe mwenzake katika kazi, kati ya Wayahudi na kati ya Wayunani. Mtu wa pande mbili hakupungukiwa, ameongezewa.

Basi tufanye nini? Kwanza, sisi wazazi tuliooana kutoka makabila mbalimbali tuwapeleke watoto kwa babu na nyanya wa pande zote mbili, wajifunze lugha zote mbili. Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Pili, tusimwite mtu chotara kwa dharau, wala tusicheke jinsi anavyotamka lugha yetu. Tatu, tunapochagua wazee wa kanisa, tuulize habari za mwenendo wa mtu, tusiulize habari za ukoo wake.

Kuvumiliana si kunyamaza tu huku moyo umekunja uso. Ni kumkaribisha mwenzako mezani, kula chakula chake, na kumpa nafasi aseme yeye ni nani.

Na tuombe. Ee Baba, uliyetuumba sote, wabariki watoto wanaoulizwa kila siku wao ni wa wapi. Wape kujua ya kuwa wao ni wako. Utuondolee kiburi cha ukoo, utufanye nyumba moja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.