Shamba Langu, Kiwanda Chetu

Mkulima wa Gesima, kaunti ya Nyamira, ana njia mbili za kuuza majani yake ya chai. Anaweza kuyapeleka kituoni, yapimwe kwa ajili ya kiwanda ambacho yeye mwenyewe ana hisa zake, alipwe kidogo kila mwezi na bonasi mwaka wa fedha ukiisha. Au amuuzie wakala wa soko huru, aliyekuja na pesa taslimu.

Anayeshika njia ya pili huitwa msaliti. Siafiki. Karo haingoji bonasi, na bonasi za magharibi mwa Bonde la Ufa zimekuwa zikiachwa nyuma na zile za Mlima Kenya. Lakini wenzake wanaumia kweli: mishahara na matengenezo ya mitambo hayapungui majani yanapopungua, hivyo mzigo huangukia kilo chache zilizobaki.

Abagusii, wenyeji wa Nyamira, wanajua kazi ya pamoja tangu zamani. Katika egesangio, majirani wachache walizunguka wakilima na kupalilia shamba la kila mmoja kwa zamu. Risaga ilikusanya watu wengi zaidi, mwenye shamba akiandaa chakula na pombe. Jembe lilikuwa la wote siku hiyo, ila wimbi lililovunwa liliingia ghala la mwenye shamba, wala hakuna aliyemuuliza atamuuzia nani.

Chai inadai makubwa kuliko hayo. Mama anayechuma majani mawili na chipukizi, na jirani anayepitisha magumu chini ya mafungu mazuri, mifuko yao hupakiwa lori moja. Karani hukagua na kurudisha mengine, lakini yakishachanganyika, bei ya mnada wa Mombasa ni yao wote. KTDA, shirika linalosimamia viwanda vya chai vya wakulima wadogo, ilianzishwa na serikali mwaka 1964, ikageuzwa kampuni ya wakulima mwaka 2000. Lakini mchanganyiko huo wa majani umebaki ule ule.

Mtu anayeombwa kuunganisha hadi mavuno yake ana haki ya kujua yalikokwenda. Kuwafukuza mawakala barabarani hakumpi haki hiyo. Kwenye chama cha akina mama, daftari husomwa kwa sauti mbele ya wote, mikopo na faini, na anayetaka kutoka hulipa deni, akachukua akiba yake. Hesabu za kiwanda nazo zisomwe hivyo, pale pale kituoni, kwa Ekegusii: kilo zilizouzwa, bei iliyopatikana, makato yaliyokatwa. Na zisomwe kabla wakulima hawajapiga kura ya kuchagua wakurugenzi.