Kikuku Mguuni mwa Ndege wa Ngulia

Saa kumi alfajiri, mwezi wa Novemba, ukungu umeukumba ukingo wa Ndawe ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Mwezi haupo. Taa za hoteli ya Ngulia zinamulika kidimbwi ambacho wanyama huja kunywa maji. Taa hizo ziliwekwa ili wageni waone tembo na chui, lakini tangu mwaka 1969 zimefichua jambo ambalo aliyezifunga hakulikusudia. Katika mwanga ule wanashuka ndege wadogo kutoka juu, mamia kwa mamia, na usiku mwingine maelfu, wakizunguka kama kumbikumbi baada ya mvua.

Ndege hawa wametoka Ulaya, Urusi na Mashariki ya Kati. Kwao ni majira ya majani kupukutika, wadudu wamekwisha na baridi inakuja. Kwetu ni vuli: mvua zimenyesha, vichaka vya Tsavo vimechipua, na upepo wa kaskazi unaanza kushika, ule ule uliowaleta mabaharia wa Arabuni katika pwani yetu. Wanasafiri usiku, maana hewa ina ubaridi na imetulia, na mchana wanautumia kula. Njia wanaijua kwa nyota na kwa usumaku wa dunia. Ukungu ukizifunika nyota na mwezi ukiwa haupo, mwanga unaobaki ni wa taa. Wanaufuata, wanababaika, kisha wanatua vichakani. Mwezi ukiwa mpevu huwaoni kabisa, wanapita juu kwa juu. Kwa sababu hiyo watafiti wa Ngulia hupanga kambi yao kwa kufuata giza la mwezi, kama wafanyavyo wavuvi wa dagaa wanaovua kwa taa.

Nyavu zinazotumika ni za uzi mweusi mwembamba, zimetandazwa kati ya fito. Ndege haoni kitu, anajigonga na kuangukia katika mkunjo wa wavu kama mtu aliyeanguka kwenye machela. Kumtoa ni kazi ya vidole vilivyofundishwa, na anayeshika ndege bila mafunzo na kibali anaweza kumvunja mguu. Akishatolewa hutiwa katika mfuko wa kitambaa. Humo gizani hutulia.

Mezani hushikwa chali, shingo katikati ya vidole viwili, mgongo ukiwa kiganjani. Anavishwa mguuni pete ya alumini yenye namba ambayo hakuna ndege mwingine duniani aliye nayo. Mimi ningeiita kikuku, maana haimbani na inacheza kidogo mguuni. Ubawa unapimwa kwa rula. Kisha mvishaji anapuliza manyoya ya kooni, yanafunguka, na chini ya ngozi laini kama ganda la kitunguu yanaonekana mafuta ya njano. Hayo ndiyo akiba ya safari, na kwa kuyatazama mtaalamu anajua kama ndege ana nguvu ya kuendelea usiku ule ule au atalazimika kukaa siku kadhaa akila. Mwisho anawekwa kwenye mizani. Huyu ana gramu 12, sawa na vijiko vitatu vya chai vya sukari. Mkono unafunguliwa, naye anaondoka. Ukungu unapopanda na jua kuchomoza, vichaka vinabaki na sauti chache tu.

Ndege wa vijiko vitatu vya sukari niliyemtaja ni wa rangi ya udongo, hana pambo lolote, na wataalamu humwita Acrocephalus palustris. Ni miongoni mwa wanaokamatwa kwa wingi kabisa Ngulia. Anazaliwa katika majani marefu ya kando ya maji huko Ulaya, anakaa wiki kadhaa upande wa Ethiopia na Sudan, kisha anapita kwetu akielekea kusini mwa Afrika. Mwaka 1979 mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya Ubelgiji, ya kusikiliza nyimbo za madume wa ndege huyu. Aligundua kwamba karibu kila kipande cha wimbo ni mwigo. Kwa wastani kila dume aliiga sauti za aina 76 za ndege wengine, na zaidi ya nusu ya aina hizo ni ndege wa Afrika. Kinda anajifunza sauti hizo katika safari yake ya kwanza, akipita katika vichaka vyetu. Kwa hiyo mwezi wa Juni, mkulima wa Ubelgiji akisimama kando ya mfereji wake, anaimbiwa sauti za mashamba na mapori ya Afrika Mashariki bila kujua. Kila ninapolikumbuka jambo hili nashindwa kumwita ndege huyu mgeni.

Haya yote tusingeyajua bila alama mwilini mwa ndege. Kwa karne nyingi Wazungu hawakujua mbayuwayu na korongo wao walikwenda wapi majira ya baridi. Wapo wasomi walioamini kwamba mbayuwayu hulala chini ya maji. Mwaka 1822, karibu na Klütz huko Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa amerudi na silaha ndefu ya Kiafrika imepenya shingoni mwake. Alihifadhiwa, na mpaka leo yupo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mwindaji aliyemchoma hakuna amjuaye. Kwa maoni yangu, huyo ndiye Mwafrika wa kwanza kuchangia elimu hii: alikikosa chakula chake, na Ulaya ikapata ushahidi.

Mwaka 1899 Hans Christian Mortensen, mwalimu wa shule mjini Viborg, Denmark, alianza kuwavisha kwezi pete za alumini zenye namba. Na Mei 1911 mbayuwayu alivishwa pete Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 alikamatwa ndani ya nyumba ya shambani katika jimbo la Natal, Afrika Kusini, na mtu wa huko akaona vyema kuandika barua London. Barua hiyo moja iliwaonyesha Waingereza mbayuwayu wao wanakokwenda.

Ngulia, ambako Graeme Backhurst na David Pearson waliongoza kazi kwa miongo mingi, ndege waliovishwa pete ni mamia ya maelfu. Taarifa zao zimerudi kutoka Ulaya, Urusi na nchi za Kiarabu. Hata hivyo ni chache mno. Kwa ndege wadogo kama hawa, katika kila 100 wanaovishwa pete, hupatikana taarifa ya chini ya mmoja. Wengine wote hupotea kimya.

Uchache huo unaumiza zaidi kwa ndege kama Acrocephalus griseldis, anayezaliana hasa katika mabwawa ya Iraq na kuhamia Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1990 serikali ya Iraq iliyakausha mabwawa hayo karibu yote, na maji yalianza kurudishwa mwaka 2003. Ndege huyo yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Ngulia ni miongoni mwa mahali pachache duniani ambapo hushikwa mkononi na kuhesabiwa mwaka hadi mwaka. Vipo vifaa vya kisasa vya kufuatilia safari za ndege, lakini vina gharama, na vingi ni vizito kwa kiumbe wa gramu 12. Pete haimlemei.

Basi ukimwona ndege mwenye pete, shambani, barazani au mdomoni mwa paka, usipite. Akiwa hai, isome namba, mpige picha ukiweza, umwachie. Akiwa amekufa, ivue pete uitunze. Andika namba yote, maneno yaliyochongwa, tarehe na jina la mahali, kisha uipeleke taarifa yako Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, au kwa ofisi ya wanyamapori iliyo karibu nawe, hata kama pete ina jina la mji wa mbali usioujua.