Samaki wa madimbwi ya Unguja anayesafiri kwa bahasha

Aliyekulia Mwanakwerekwe anayajua maji ya masika, yanavyotuama barabarani na kuingia viwanjani mpaka watu wakapandisha suruali kwenda sokoni. Wachache kati yetu tunajua kwamba upande huo wa Unguja, kuelekea Mwera, madimbwi na vinamasi vya mvua ndivyo kwao samaki mmoja mdogo asiyepatikana kiasili popote pengine duniani. Kitaalamu anaitwa Nothobranchius guentheri. Wafugaji wa Ulaya humwita notho tu, na wengi wamemlea miaka nenda miaka rudi bila ya kuikanyaga Zanzibar.

Mjerumani Franz Stuhlmann alikusanya samaki Afrika Mashariki mwaka 1888 na 1889. Mwaka 1893 Georg Pfeffer wa Hamburg akamwandika huyu wetu katika vitabu vya elimu, akampa jina la Albert Günther, bingwa wa samaki wa makumbusho ya London. Lakini kilichomfikisha sebuleni mwa watu ni mayai yake.

Dimbwi la Unguja likikauka, samaki wakubwa wote hufa. Mayai hubaki matopeni, kila moja lina upana wa kama milimita moja, na kiumbe aliyemo ndani anaweza kusimamisha ukuaji wake akasubiri. La ajabu zaidi, mayai ya mama mmoja hayaamki pamoja. Ikinyesha mvua ya kudanganya, mengine yatatotoa na vifaranga watakauka, lakini mengine bado yamelala yakingojea mvua ya kweli. Kwa sababu ya usingizi huo unaweza kuyatia katika mfuko wa nailoni na udongo wenye unyevu kidogo, ukayapeleka kwa posta hadi nchi nyingine, na yakafika hai.

Kuwafuga nyumbani hakuna gharama kubwa. Tangi la lita 20 linatosha dume mmoja na majike wawili au watatu. Usiweke majike wachache kuliko hapo, kwa sababu dume huyu hana subira na jike mmoja atachoshwa mpaka afe. Kuwatambua ni rahisi wakishapevuka. Dume ana magamba ya buluu na kijani yaliyozungushiwa wekundu, na mkia mwekundu kweli kweli. Jike ni wa kijivu, mapezi yake hayana rangi. Kwa vifaranga ngoja wiki ya nne hadi ya sita, rangi za madume zianze kujitokeza.

Chini ya tangi weka chombo chenye mboji, au usumba wa makumbi uliochemshwa na kusuuzwa vizuri. Hapo utaona dume akimbana jike ubavuni, akimfunika kwa pezi la mgongoni, wakitetemeka pamoja, na yai moja likizama. Baada ya wiki moja au mbili toa usumba, ukamue, uache unyevu kidogo tu, ufunge mfukoni na uandike tarehe. Katika joto la nyuzi 24 hivi, subiri takriban miezi mitatu. Chukua lenzi uangalie: yai lililo tayari lina macho mawili yenye duara la dhahabu. Mimina maji ya baridi kidogo, na vifaranga wataogelea ndani ya saa chache. Wape atemia, yaani uduvi wadogo wa maji ya chumvi, waliototolewa siku hiyo hiyo.

Wengine waliona mapema kwamba samaki hawa wana faida. Mwaka 1941 mtafiti Vanderplank aliandika katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki kuhusu samaki wa jamii hii wanaokula viluwiluwi vya mbu wa malaria. Miaka ya 1960 kampuni ya Wham-O ya Marekani ilitaka kuuza mayai ya samaki wa Afrika wa aina hii kama mchezo wa watoto, ikashindwa kwa kuwa samaki hawakutaga haraka kama wanunuzi walivyotaka.

Jambo moja nawasihi wafugaji wenzangu: msimchanganye na ndugu zake, kama yule wa Mafia, Nothobranchius korthausae. Majike wao wanafanana mno, na ukikosea mara moja umeshaharibu kizazi. Andika kwenye mfuko jina, mahali samaki walikotoka na mwaka.

Matangi ya Ulaya lakini hayawezi kuwa badala ya kwao. Mji umetanuka kutoka Mwanakwerekwe hadi Fuoni na kuendelea, na fedha nyingi za viwanja na vifusi zinatoka kwetu sisi Waunguja tulioko nje ya nchi. Kwa hiyo ukinunua kiwanja chenye kibonde kinachojaa maji, mwombe jamaa apite na chujio baada ya mvua kabla hujamwita dereva wa lori la kifusi. Akimkuta samaki mwenye mkia mwekundu, liacheni hilo dimbwi, na nyumba ijengwe pembeni.